Karema na Maji Yake

Kutoka Mpanda hadi Karema ni zaidi ya kilometa mia moja, nyingi zikiwa za vilima na msitu wa miombo. Kisha Ziwa Tanganyika linajitokeza, na upande wa pili, siku ya hewa safi, unaiona milima ya Kongo. Wapo wanaosema kwamba mahali hapa pangefaa sana kwa mapumziko. Sibishi, ufuko ni mzuri. Lakini kila niwasikiapo nakumbuka kwamba Karema imekwisha kupokea wageni wengi wenye mipango mikubwa.

Mpango wa kwanza ulikuwa wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Chama cha Kimataifa cha Afrika, alichokiunda mwaka 1876, kilimtuma Kapteni Cambier, naye mwaka 1879 akaanza kujenga ngome juu ya kilima kando ya maji. Mwaka huohuo wakashushwa Msasani ndovu wanne kutoka India, wakiwa chini ya Carter, ili ijaribiwe kama wanyama hao wangeweza kuchukua mizigo badala ya wapagazi. Karema alifika mmoja tu. Hebu fikiri, msomaji: kuleta ndovu kwa meli kutoka India mpaka nchi ya Katavi, ambako ndovu hawana idadi! Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe, katika vita vya Mirambo.

Ziwa nalo halikungoja. Miaka hiyo maji yalikuwa juu mno, kwa sababu mto Lukuga, unaoyatoa kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa na tope na majani. Kizuizi kilipovunjika, mwaka 1878, maji yakaanza kushuka, na kufikia 1894 yalikuwa yamepungua kwa karibu meta 10. Ngome iliyojengwa ufukweni ikabaki nchi kavu, na wenyeji wakapata mashamba pale walipokuwa wakivua.

Mwaka 1885 Leopold alikwisha kupewa Kongo yake, na upande huu ukawa wa Wajerumani. Ngome ikakabidhiwa Mapadri Weupe, nao wakaigeuza kuwa misheni.

Kama ingekuwa hiari yangu, hata hivyo, historia ya Karema ningeianza mwaka 1889, alipofika Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, kisha akakombolewa na mapadri hao huko Algeria. Wakampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akaoa, akazaa, akatibu watu wa pwani hii mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka sitini na saba! Cambier alikaa muda mfupi na jina lake limo katika vitabu vingi. Atiman, ambaye hakujenga ngome wala kutawala mtu, hutajwa kwa nadra nje ya Kanisa, ingawa Sumbawanga ipo hospitali yenye jina lake. Naona hapo pana upungufu, na si wa wenyeji, maana wao hawakumsahau.

Karema ilikuwa pia makao ya jimbo la Kanisa kwa miaka mingi, hadi makao hayo yalipohamia Sumbawanga mwaka 1969. Kijiji kikabaki na kanisa lake kubwa, miembe, na wavuvi wa dagaa na migebuka. Meli ya Liemba, wakati ilipokuwa ikisafiri, ilisimama mbali na ufuko, na abiria wakashuka kwa mitumbwi, watoto na magunia pamoja, iwe usiku au mchana.

Kwa hiyo bandari mpya, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020 kwa ajili ya mizigo ya Kongo, si jambo dogo. Gati hilo limejengwa wakati ziwa lenyewe limepanda tena, hata likaingia mitaani huko Bujumbura. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, samaki wapate kuzaliana. Wanawake wanaoishi kwa kuanika dagaa mchangani ndio waliobeba miezi hiyo mitatu, na wao ndio ningependa waulizwe kwanza kabla mtu hajapima kiwanja cha hoteli juu ya mchanga huo.