Mizinga ya manowari ilivyofika Handeni: meli za kivita zilizobadili historia ya pwani na bara

Ukitaja manowari mbele ya mtu wa Handeni au Korogwe, atakuelekeza Tanga au Pangani. Handeni haina bahari wala ziwa. Korogwe ina Mto Pangani, lakini maporomoko ya Hale hayaruhusu chombo cha baharini kupanda mpaka mjini. Hata hivyo, katikati ya mwaka 1916 mizinga iliyoundwa kwa ajili ya meli ya kivita ilinguruma kusini mwa Handeni, na watu wetu ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo wa vita vilivyoanzia baharini.

Katika makala hii tunaeleza meli zilizohusika, zilivyopigana, na kwa nini mapambano ya majini yaliishia mabegani mwa watu wa bara.

Kabla ya vita kuu: Pangani mwaka 1889

Neno lenyewe manowari limetokana na jina ambalo Waingereza waliziita meli zao za vita. Watu wa pwani walilizoea kwa sababu katika karne ya 19 manowari za Ulaya zilikuwa zikitia nanga mara kwa mara Unguja na katika bandari za Mrima.

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipotaka kuchukua utawala wa miji ya pwani, watu wa Pangani waliasi wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Ujerumani na Uingereza zikaleta manowari kuziba bahari, ili silaha zisiwafikie wapiganaji. Julai 1889 meli za Kijerumani zilisaidia kuuteka mji wa Pangani, na siku chache baadaye Tanga. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo.

Pangani ilikuwa mlango wa biashara ya bara. Misafara ilipandia hapo kuelekea Usambara, Upare na Kilimanjaro. Aliyeshika mlango huo kwa mizinga ya meli alipata pia njia ya kwenda bara. Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Bandari na stesheni vikawa kitu kimoja, na kilichotokea baharini kikawa kinafika Korogwe kwa saa chache.

Königsberg na Pegasus

Manowari inayotajwa zaidi katika historia ya nchi yetu ni Königsberg, meli nyepesi ya doria ya Ujerumani. Ilikuwa na urefu wa takriban meta 115 na mizinga 10 ya milimita 105. Iliingia Dar es Salaam Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff, ikatoka bandarini tarehe 31 Julai, siku chache kabla vita havijatangazwa, ili isizibwe ndani na Waingereza. Agosti 6 iliikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Omani.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg ilitokea mbele ya bandari ya Unguja. Humo ilikuwamo Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyozinduliwa mwaka 1897, ikiwa imesimama kwa matengenezo. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika mbali kama ya adui, na meli haikuweza kuondoka. Ilipigwa mpaka ikazama, na mabaharia zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Baadhi yao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, karibu na mji wa Unguja.

Königsberg nayo haikufika mbali. Mitambo yake iliharibika, ikajificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji. Vipuri vya boila zake vilikokotwa na wachukuzi kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, kisha vikarudishwa kwa njia ileile. Hapa ndipo tunapokutana kwa mara ya kwanza na wachukuzi wakiiokoa meli ambayo wao hawakupata kuipanda.

Tanga: meli zashindwa na treni

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza Fox ilifika Tanga kudai mji usalimishwe. Nyuma yake zilikuja meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India. Mji ulikuwa na walinzi wachache.

Lakini muda uliotumika katika madai na maandalizi uliwatosha Wajerumani. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwasafirisha askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, wakapita Mombo na Korogwe hadi Tanga. Kufikia Novemba 5 jeshi lililotoka baharini lilikuwa limeshindwa na kurudi melini, likiacha nyuma bunduki na risasi nyingi. Wengi hukumbuka nyuki walioingia vitani siku hiyo, lakini kilichoamua matokeo zaidi ni reli inayopita Korogwe.

Rufiji, na meli iliyochomeka Manza

Waingereza waliigundua Königsberg mwishoni mwa Oktoba 1914. Manowari zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni kwa sababu ya kina kifupi cha maji. Ikabidi waagize Severn na Mersey, meli pana zenye chini bapa, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Ndege ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia kuonyesha mahali makombora yalipoangukia. Shambulio la Julai 6, 1915 halikufanikiwa. La Julai 11 lilifanikiwa, na Looff akaamuru meli yake izamishwe ili isitekwe.

Wakati huohuo bahari ilikuwa imefungwa. Kuanzia Machi 1915 Uingereza ilitangaza kwamba hakuna chombo cha kuingia wala kutoka katika koloni hili. Ujerumani ilijaribu kupenya. Meli ya mizigo Rubens, iliyotekwa kwa Waingereza na kubadilishwa sura iwe kama meli ya Denmark yenye jina la Kronborg, ilizunguka Afrika ikiwa na makaa ya mawe ya Königsberg pamoja na silaha. Nahodha wake alikuwa Carl Christiansen. Aprili 14, 1915 ilifika karibu na Tanga ikifukuzwa na manowari Hyacinth, ikakimbilia ghuba ya Manza na kupigwa mpaka ikashika moto.

Waingereza waliondoka wakiamini kazi imekwisha. Meli ilikuwa imekaa katika maji ya kina kifupi, na wapiga mbizi wakafanikiwa kutoa bunduki na mamilioni ya risasi. Risasi nyingi zilikuwa zimeloa maji ya chumvi, zikafunguliwa na kukaushwa moja moja kwa mikono. Shehena hiyo iliongeza uhai wa vita katika koloni lote.

Bahari ikifungwa, bara hubeba

Hapa ndipo Handeni na Korogwe zinapoingia kwa uzito wake.

Koloni lilizoea kupata nguo, dawa, mafuta na vipuri kwa meli. Meli zilipokoma, kila kitu kilitafutwa ndani. Kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kilitengeneza dawa ya kwinini kutokana na magome ya miti, pamoja na sabuni na bidhaa nyingine. Pamba ilisokotwa na kufumwa kwa mikono.

Tatizo kubwa lilikuwa usafirishaji. Koloni lilikuwa na reli mbili, ya Tanga na Moshi kwa kaskazini, na ya Dar es Salaam na Kigoma kwa kati. Wakati wa amani, mzigo wa kutoka moja kwenda nyingine ungepita baharini kati ya Tanga na Dar es Salaam. Sasa bahari ilikuwa na manowari za adui. Ikalazimu kutafuta njia ya nchi kavu, na njia hiyo ikapita Handeni.

Wajerumani walichukua reli nyembamba zilizokuwa zikitumika mashambani, wakajenga reli ya toroli kutoka Mombo, ikavuka Mto Pangani eneo la Mkalamo hadi Handeni. Vigari vyake vilisukumwa na watu. Kutoka Handeni kwenda reli ya kati, mzigo mwingi ulipanda vichwani na mabegani.

Mchukuzi mmoja alibeba kilo 25 hadi 30. Yeye mwenyewe alihitaji karibu kilo moja ya nafaka kila siku. Maana yake, safari ya majuma mawili kwenda na majuma mawili kurudi inaweza kumaliza mzigo wote kwa chakula cha aliyeubeba. Kwa hiyo chakula kilidaiwa vijijini njia nzima. Kaya ilimtoa kijana akabebe, kisha ikatoa mahindi na mtama ya kumlisha yeye na wenzake, na shamba likabaki bila mtu wa kulilima. Treni moja, au meli moja, ingefanya kazi ya maelfu ya watu hao.

Mizinga ya Königsberg nchi kavu

Königsberg ilizama lakini mizinga yake haikuachwa. Yote 10 ilitolewa mtoni, ikavutwa hadi Dar es Salaam, na mingine ikaundiwa magurudumu. Mmoja ulipelekwa Kigoma na kufungwa kwenye meli Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba. Mwingine ulifika Kahe, ambako Wajerumani waliulipua wenyewe waliporudi nyuma Machi 1916.

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalishuka kufuata Mto Pangani na reli. Juni 9 yalipigana na Wajerumani Mkalamo, kwenye reli ya toroli. Katikati ya Juni yalikuwa Korogwe, na siku chache baadaye Handeni. Juni 24 yakapigana Mto Lukigura, kisha yakapiga kambi Msiha, upande wa kusini zaidi.

Hapo ndipo mizinga ya manowari ilipowasubiri. Wajerumani, wakiwa kwenye miinuko ya mbele, waliishambulia kambi hiyo kwa mizinga ya Königsberg, ambayo ilirusha mbali kuliko mizinga mingi iliyokuwa mbele yao. Waingereza waliipa kambi hiyo jina la kambi ya makombora. Walikwama huko hadi mapema Agosti, huku farasi wao wakifa kwa ugonjwa wa mbung'o na askari wakiugua malaria. Wakati huo huo jeshi la majini likateka bandari moja baada ya nyingine: Tanga Julai 7, Pangani Julai 23, Bagamoyo Agosti 15, na Dar es Salaam Septemba 4.

Nani anakumbukwa

Mizinga ya meli hizi ina anwani zake leo. Ngome ya Yesu, Mombasa, umewekwa mzinga wa Königsberg pamoja na mmoja wa Pegasus. Mwingine wa Königsberg uko Pretoria, Afrika Kusini. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yanatunzwa, na majina yao yamehifadhiwa.

Wachukuzi hawakupata hifadhi hiyo. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, pande zote mbili, wengi kwa kuhara, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Dar es Salaam tunayo sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, na jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wachukuzi wa Waingereza. Lakini jina la mchukuzi mmoja mmoja hulioni popote. Aliyesukuma toroli kutoka Mombo hadi Handeni hana jiwe wala daftari linalomtaja.

Kilichobaki ni kumbukumbu za familia. Kama babu au bibi yako alisimulia kuhusu mzee aliyechukuliwa kubeba mizigo na hakurudi, andika jina lake, kijiji chake na jina la aliyekusimulia. Hiyo ni historia ya manowari sawa na picha ya Königsberg.

Tahadhari

Maeneo yaliyopiganiwa yanaweza kuwa na masalia ya makombora hata baada ya miaka zaidi ya 100. Ukilima au kuchimba msingi ukakuta chuma chenye umbo la kombora, usikiguse, usikigonge, wala usikiuze kama chuma chakavu. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, na utoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu.

Tarehe za kukumbuka

Julai 1889: Pangani na Tanga zinatekwa kwa msaada wa manowari za Kijerumani.
1902: Reli ya Tanga inafika Korogwe.
Septemba 20, 1914: Pegasus inazamishwa Unguja.
Novemba 2 hadi 5, 1914: Mapigano ya Tanga.
Aprili 14, 1915: Kronborg inakimbilia ghuba ya Manza.
Julai 11, 1915: Königsberg inazamishwa Rufiji.
Juni 1916: Waingereza wanaingia Korogwe na Handeni.
Septemba 4, 1916: Dar es Salaam inatekwa.