Mlango wa Uhakiki na Mlango wa Ubunifu: Kutoka Nyamwage hadi Iowa

Kila mwaka, baina ya Septemba na Desemba, mimi hupokea maombi ya wanafunzi wangu wa zamani wanaotaka niwaandikie barua za kuwapendekeza kwenye vyuo vikuu vya nje. Wengi huenda kusomea sheria, afya ya jamii au uchumi. Miaka ya karibuni wamejitokeza pia wanaotaka kusomea uandishi wa kubuni katika ngazi ya uzamili, kwa ufadhili kamili. Mmoja wao ni kijana wa Nyamwage, wilayani Rufiji, pale barabara ya Utete inapoachana na barabara kuu iendayo Kilwa na Lindi. Huandika hadithi fupi kwa Kiswahili, na huziandika vizuri. Swali lake kwangu lilikuwa moja: “Mwalimu, hadithi zangu ni za Kiswahili, nao wanataka kurasa thelathini za Kiingereza. Niombe au niache?”

Swali hilo laonekana kuwa la fomu na tarehe za mwisho. Kwa hakika ni swali la historia, kwa sababu mwandishi wa Kiswahili na mwandishi wa Kiingereza wa Afrika Mashariki hawakuingia chuo kikuu kwa mlango mmoja.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani, kilitangaza kwamba kingepokea kazi ya sanaa badala ya tasnifu ya kitaaluma kwa shahada za juu. Diwani ya mashairi au mkusanyo wa hadithi ungeweza kuwa ndio tasnifu. Mwaka 1936 ilianzishwa hapo karakana ya waandishi, ambayo vyuo vingine vingi viliiga. Leo programu zenye ufadhili kamili, kama zile za Cornell, Michigan na Texas mjini Austin, humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho ya kujikimu kwa miaka miwili au mitatu. Katika nyingi kati yake hulipa fadhila hiyo kwa kufundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Nafasi ni chache mno, pengine nane kwa mwaka katika chuo kizima. Zipo barua za mapendekezo, vyeti na maelezo ya nia, lakini kinachoamua hasa ni kurasa za kazi ya mwombaji mwenyewe. Kwa ufupi, chuo hununua muda na kumkabidhi mwandishi autumie kuandika.

Mlango huu ulifunguliwa mapema kwa Afrika Mashariki. Taban lo Liyong, aliyekulia kaskazini mwa Uganda, alihitimu karakana ya Iowa mwaka 1968, naye hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuipata shahada hiyo. Alirudi Nairobi, na mwaka huohuo yeye, Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba wakaandika waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, ili fasihi ya Afrika ikae katikati ya mtaala. Katika kizazi chetu, Okwiri Oduor wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Caine mwaka 2014, alipita Iowa. Na Idza Luhumyo, binti wa pwani ya Kenya aliyeshinda tuzo hiyohiyo mwaka 2022, alikwenda kusomea uandishi Texas. Wote hawa walipimwa kwa Kiingereza.

Sharti hilo la lugha lilikuwa limekwisha kuwekwa kabla ya Taban kufika Iowa. Mwezi Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, katika mkutano uliowahusu wanaoandika kwa Kiingereza, na ambao fedha zake, kama ilivyofichuka miaka michache baadaye, zilitokana kwa njia ya mzunguko na shirika la ujasusi la Marekani. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu vingi kuliko karibu kila kijana aliyeketi ukumbini, hakuwa na sifa ya kualikwa, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Alifariki dunia mwezi huohuo. Tangu hapo kipimo cha nani aitwe mwandishi wa Afrika, na nani astahili kufadhiliwa kwa jina hilo, kiliambatana na lugha aliyoiandikia.

Je, waandishi wa Kiswahili hawakusoma vyuo vikuu? Walisoma, tena hadi kileleni. Lakini tuangalie ni kwa kazi gani walipewa shahada.

Mfano wa kwanza unatoka Rufiji kwenyewe. Ngarambe, katika wilaya hiyohiyo ya kijana wangu, ndipo alipoishi Kinjeketile Ngwale, aliyegawa maji ya uzima kwa watu waliochoshwa na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko. Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, watu walipong'oa miche ya pamba. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjeketile huko Mohoro. Zaidi ya miaka sitini baadaye, mwanahistoria Gilbert Gwassa alipita Umatumbi na Rufiji akiwahoji wazee waliokumbuka, na mwaka 1968 idara ya historia ya Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi makwao wakusanye masimulizi ya Maji Maji. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, kijana wa pwani ya kusini aliyekuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho, alichapisha tamthiliya ya Kinjeketile.

Tuizingatie nafasi hiyo. Chuo kilikuwa na wanahistoria waliokuwa wakikusanya, kilikuwa na mafunzo ya sanaa za maonyesho yaliyompa mwandishi jukwaa na waigizaji, na kilikuwa na taifa lililotaka kusikia. Hakuna aliyemtaka Hussein atoe kwanza kurasa thelathini za Kiingereza. Tafsiri ya Kiingereza aliifanya mwenyewe, ikatoka mwaka 1970, baada ya kitabu cha Kiswahili kuwa kimesimama.

Lakini alipotafuta shahada ya juu kabisa, Hussein alikwenda Berlin Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, na tasnifu yake ya udaktari ilihusu maendeleo ya tamthiliya katika Afrika Mashariki. Mwandishi wa Kinjeketile alipata udaktari wake katika mji ambao hapo awali ulitoa amri kwa serikali iliyomnyonga Kinjeketile. Dola ilikuwa imebadilika, na Ujerumani Mashariki ilijitangaza kuwa adui wa ubeberu. Hata hivyo shahada ilitolewa kwa kuichambua tamthiliya, wala si kwa kuiandika.

Mfano wa pili ni Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, mara tu baada ya shahada yake ya kwanza, na Kichomi mwaka 1974. Tasnifu yake ya uzamili, Dar es Salaam, mwaka 1976, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Udaktari aliupata Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985, kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mtu aliyekwisha kubadili riwaya na ushairi wa Kiswahili alikaa Marekani, si mbali sana na Iowa, akisoma kwa mlango wa uhakiki.

Sisemi kwamba uhakiki uliwadhuru. Baada ya Berlin, Hussein alitupa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambamo fani ya hadithi simulizi ilipewa uhai mpya jukwaani. Baada ya Madison, Kezilahabi alitupa Nagona na Mzingile, na mwenye kuzisoma huona alama za falsafa aliyoisoma. Ninachosema ni kwamba kazi hizo ziliandikwa pembeni ya shahada, kwa muda wa kuiba. Walilipwa kwa uhakiki wao, na ubunifu wakajigharimia wenyewe. Tunawajua wawili hawa kwa sababu walikuwa na nguvu za kufanya kazi mbili. Walioshindwa hatuwajui, kwa kuwa vitabu vyao havikuandikwa.

Nilimjibu kijana wa Nyamwage kwamba aombe. Nilimshauri asitunge hadithi mpya za Kiingereza kwa kukisia wanachopenda wasomaji wa mbali, bali azitafsiri zake bora mbili, kisha ampe mtu makini azisome kama kazi za Kiingereza zinazojitegemea. Kujitafsiri si fedheha: Hussein alifanya hivyo, na Mwalimu Nyerere alimleta Shakespeare kwenye Kiswahili akiwa kiongozi wa nchi. Katika maelezo ya nia aseme wazi kwamba yeye ni mwandishi wa Kiswahili na kwamba atarudi kuandika kwa lugha hiyo. Aangalie pia shahada ya tafsiri ya fasihi iliyopo Iowa, ambako kujua lugha mbili ni mtaji. Aanze mapema, kwani vyuo vingi hufunga maombi kati ya Desemba na Januari; aulize kama ada ya maombi husamehewa; na asiende mahali ambapo ufadhili ni nusu, maana nusu nyingine itakuwa deni la ukoo mzima.

Ushauri huo unamfaa mtu mmoja. Haulifai taifa linalojivunia Kiswahili kwenye majukwaa ya Umoja wa Afrika. Ni haki tukiri hatua zilizopigwa: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, ni jambo jema, kama ilivyokuwa jema tuzo ya Mabati-Cornell ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014. Lakini tuzo na ufadhili ni vitu viwili. Mkulima wa mlau katika bonde la Rufiji hupanda maji ya mafuriko yanapopwa, kisha hukaa kwenye dungu wiki nyingi akilinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe. Tuzo humfikia wakati wa mavuno. Anayehitaji msaada ni yule aliye kwenye dungu. Nao ufadhili mkubwa wa serikali wa miaka hii, ule wa Samia ulioanza mwaka 2022, umeelekezwa kwenye sayansi na fani zinazofanana nazo. Sina ugomvi na sayansi. Ninauliza tu sanaa imewekewa nini.

Pendekezo langu ni dogo. Chuo kikuu kimoja cha umma kikubali riwaya, diwani au tamthiliya ya Kiswahili, pamoja na sura fupi ya maelezo, kuwa tasnifu ya uzamili. Kitenge nafasi tano kwa mwaka, kisamehe ada, kitoe posho ya miaka miwili, na wanafunzi hao wafundishe uandishi katika mwaka wa kwanza. Dar es Salaam ya 1968 ilikuwa na fedha chache kuliko sisi, lakini iliwatuma vijana makwao kuuliza, na matunda yake bado yanasomwa shuleni.

Haraka ipo. Wazee walioiona Maji Maji wamekwisha. Waliohamishwa bondeni katika Operesheni Rufiji mwaka 1969 wanapungua kila mwaka. Wanaokumbuka hofu ya mauaji ya Kibiti ya 2017, au maji ya Aprili 2024 yalivyofunika mashamba, bado ni vijana, lakini kumbukumbu nayo huchakaa. Kijana wa Nyamwage akipata nafasi Marekani tutampongeza. Akikosa, atarudi kwenye ajira yoyote atakayoipata, na hadithi zake zitasubiri usiku baada ya kazi, kama walivyosubiri waliomtangulia. Uamuzi wa kulibadili hilo uko mikononi mwa maseneti ya vyuo vyetu na wizara yetu, si Iowa.