Fahamu: Msambazaji wa Mfumo Endeshi Anapogeuka Mshindani wa Watengenezaji wa Vifaa

Kompyuta au simu janja ni zao la pande mbili. Upande mmoja yupo mtengenezaji wa kifaa chenyewe, ambaye jina lake huonekana juu ya boksi. Upande wa pili yupo mwenye mfumo endeshi, yaani programu kuu inayokiwezesha kifaa kufanya kazi. Kwa miaka mingi pande hizo zimetegemeana. Hata hivyo, imetokea zaidi ya mara moja kwamba mwenye mfumo anaamua kutengeneza na kuuza vifaa vyake mwenyewe, hivyo kushindana sokoni na wateja wake.

Makala haya yanaeleza hali hiyo ilivyojitokeza, hatua zilizochukuliwa na mamlaka za ushindani, na maana yake kwa mwananchi anayenunua kifaa.

Uhusiano ulivyoanza

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilipoingiza sokoni kompyuta yake binafsi, ilitumia mfumo uliotolewa na Microsoft. Microsoft ilibaki na haki ya kuuza mfumo huo kwa watengenezaji wengine, na haki hiyo ndiyo iliyoijenga. Kampuni nyingi zilianza kutengeneza kompyuta zinazofanana na ile ya IBM, na kila moja ililipia leseni ya mfumo. Mgawanyo wa kazi ulikuwa bayana: Microsoft iliuza programu, na watengenezaji waliuza mashine.

Apple ilijaribu njia hiyo kwa muda mfupi. Katikati ya miaka ya 1990 iliruhusu kampuni nyingine, ikiwemo Power Computing, kutengeneza kompyuta zinazotumia mfumo wa Macintosh. Kampuni hizo zilianza kuwachukua wateja wa Apple yenyewe. Steve Jobs aliporejea katika uongozi mwaka 1997, mpango huo ulisitishwa, na Apple iliinunua biashara ya Macintosh ya Power Computing kwa hisa zenye thamani ya Dola za Marekani milioni 100. Watengenezaji waliojenga biashara zao juu ya leseni hiyo waliondoka sokoni, kwa kuwa aliyekuwa akiwauzia mfumo ndiye aliyekuwa pia mshindani wao.

Microsoft na Surface

Tarehe 18 Juni, 2012 Microsoft ilitangaza Surface, kishikwambi chenye kibodi kilichotengenezwa kwa jina lake. Kifaa hicho kilianza kuuzwa Oktoba 26 mwaka huo, siku ileile mfumo wa Windows 8 ulipoingia sokoni. Washirika wa muda mrefu kama Acer, HP, Dell na Lenovo walijikuta wakishindana na kampuni wanayoilipa kwa kila kompyuta ya Windows wanayoiuza.

Mwenyekiti wa Acer wakati huo, J.T. Wang, aliitaka Microsoft hadharani ifikirie upya uamuzi huo, akieleza kuwa ungeathiri sekta nzima. Microsoft yenyewe, katika taarifa yake ya mwaka kwa wanahisa, ilikiri kuwa vifaa vya Surface vitashindana na bidhaa za washirika wake na kwamba jambo hilo linaweza kupunguza ari yao ya kuendelea na Windows.

Malalamiko ya watengenezaji yalihusu zaidi mazingira ya ushindani kuliko kuongezeka kwa mshindani mmoja. Mtengenezaji wa nje hulipa leseni, gharama inayoingia katika bei ya kifaa. Kwa mwenye mfumo, gharama hiyo ni fedha inayotoka mfuko mmoja na kuingia mfuko mwingine wa kampuni ileile. Vilevile, mwenye mfumo hujua mapema toleo lijalo litakuwa na nini na litatoka lini, na hupokea taarifa za mipango ya washirika wanaohitaji msaada wake wa kiufundi.

Pamoja na faida hizo, njia ya Microsoft haikuwa nyepesi. Julai 2013 ilitangaza hasara ya Dola milioni 900 iliyotokana na shehena ya Surface RT. Aprili 2014 ilikamilisha ununuzi wa biashara ya simu ya Nokia, na Julai 2015 ikafuta katika vitabu vyake Dola bilioni 7.6 zilizohusiana na ununuzi huo. Kumiliki mfumo, kwa hiyo, si hakikisho la kufanikiwa katika vifaa.

Google na Motorola

Hali kama hiyo ilijitokeza katika simu. Mfumo wa Android ulitangazwa Novemba 2007 na umoja wa kampuni 34 ulioongozwa na Google. Agosti 2011 Google ilitangaza kuinunua Motorola Mobility, mmoja wa watengenezaji wa simu za Android, kwa Dola bilioni 12.5. Samsung, HTC na wengine walikuwa na sababu ya kujiuliza kama Motorola ingependelewa.

Swali hilo lilifika mbele ya mamlaka za ushindani. Kamisheni ya Ulaya iliidhinisha ununuzi huo Februari 2012, baada ya kuona kuwa Google haikuwa na sababu ya kuwanyima wengine Android, kwa vile kuenea kwa mfumo huo ndiko kunakofikisha huduma zake nyingine kwa watu wengi. China nayo iliidhinisha Mei 2012, lakini kwa sharti kwamba Android iendelee kutolewa bure na kwa uwazi kwa miaka mitano. Januari 2014 Google ilitangaza kuiuza Motorola kwa Lenovo kwa Dola bilioni 2.91.

Google haikuachana na vifaa. Mwaka 2016 ilizindua simu ya Pixel, na mwaka 2017 ilikubaliana na HTC kuchukua sehemu ya wahandisi wake kwa Dola bilioni 1.1. Aprili 2024 iliunganisha idara ya Android na idara ya vifaa chini ya kiongozi mmoja.

Kwa nini watengenezaji hawaondoki

Mtengenezaji asiyeridhika anaweza kudhaniwa kuwa na uhuru wa kutafuta mfumo mwingine. Uzoefu unaonyesha kuwa njia hiyo ni ngumu. HP ilinunua kampuni ya Palm mwaka 2010 kwa Dola bilioni 1.2 ili kupata mfumo wa webOS, lakini Agosti 2011 ilitangaza kuacha kutengeneza vifaa vya mfumo huo. Samsung ilitoa simu yenye mfumo wa Tizen nchini India mwaka 2015, lakini simu zake kuu zilibaki kwenye Android. Mnunuzi hufuata programu anazozihitaji, na waandaaji wa programu hufuata mfumo wenye watumiaji wengi.

Mikataba nayo iliongeza ugumu. Msingi wa Android ni wa wazi, lakini duka la programu la Google hutolewa kwa makubaliano maalumu. Kamisheni ya Ulaya ilibaini kuwa watengenezaji waliotaka duka hilo walizuiwa kuuza hata kifaa kimoja chenye toleo la Android ambalo Google haikuliidhinisha. Kwa sababu hiyo na nyinginezo, Julai 18, 2018 iliitoza Google faini ya Euro bilioni 4.34. Septemba 2022 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya iliipunguza hadi Euro bilioni 4.125, huku ikiunga mkono sehemu kubwa ya uamuzi huo.

Maana yake kwa Afrika Mashariki

Simu janja nyingi zinazouzwa katika ukanda huu, zikiwemo za Tecno, Infinix na itel, hutumia Android. Ndivyo ilivyo pia kwa simu janja zinazounganishwa katika kiwanda cha Athi River, Kaunti ya Machakos nchini Kenya, kilichozinduliwa na Rais William Ruto Oktoba 30, 2023. Kiwanda kinaweza kuajiri vijana na kupunguza bei ya simu, lakini masharti ya mfumo unaoiendesha simu hiyo huamuliwa nje ya nchi, na kampuni ambayo nayo inauza simu.

Nchi za ukanda huu zina sheria za kusimamia mwenendo wa kampuni zenye nguvu ya soko. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Kenya ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya mwaka 2006. Uzoefu wa Ulaya na China unaonyesha kuwa sharti linalowekwa kabla ya kampuni kuungana hulinda soko mapema, wakati faini huja baada ya mikataba kuwa imetumika kwa miaka.

Mambo ya kuzingatia wakati wa kununua kifaa

Mwananchi anashauriwa kutotazama jina la mtengenezaji pekee. Ni vyema kuuliza kifaa kinatumia toleo gani la mfumo, nani anatoa masasisho ya usalama, na kwa muda gani. Microsoft ilipokomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, uamuzi huo uligusa kompyuta za watengenezaji wengi ambao hawakuwa na kauli juu yake. Kifaa kinaweza kuwa kizima kabisa, lakini maisha yake ya usalama yakawa mikononi mwa mwenye mfumo.