Dhuria za Waliotoka Vitani na Mlango wa Shule

Aghalabu mgeni wa Kibera huona mabati, vichochoro na reli ipitayo kati, asijue kuwa mji ule uliasisiwa na watu waliotoka vitani: Wanubi, yaani askari wa Kisudani waliotumikia King's African Rifles pamoja na ahali zao, ambao serikali ya Kiingereza iliwakalisha katika msitu huo na kuutenga rasmi mwaka 1918. Simlinganishi askari yule na kijana wa leo aliyevuka mpaka wa Somalia kujiunga na Al-Shabaab; ninalolilinganisha ni hali ya watoto. Kwani vizazi vya Wanubi, waliozaliwa Kenya baba kwa babu, vilidumu miaka mingi vikipigwa msasa kabla ya kupewa kitambulisho, hata Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ikahukumu kwamba Kenya imewadhulumu watoto wa Kinubi haki yao ya uraia, na pamoja nayo elimu na afya.

Kadhia hiyo yatuhusu leo. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa na Al-Shabaab katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa vijana watakaorejea kutoka Somalia na kujisalimisha. Wito ule uliwaendea watu wazima; mimi nauliza juu ya watoto wao.

Basi na tumchukulie mtoto aliyezaliwa Somalia kwa baba Mkenya, akaletwa kwa bibi yake katika chumba cha kupanga Kawangware. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, yamhesabu raia wa kuzaliwa popote alipozaliwa, maadamu mzazi wake mmoja ni raia. Kifungu cha 53 champa elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria haina upungufu. Upungufu uko mlangoni, pale mwalimu mkuu anapotaka cheti cha kuzaliwa ili amsajili katika mfumo wa serikali wa taarifa za wanafunzi, na kila swali linalofuata, alizaliwa wapi, baba yuko wapi, lamfanya mjukuu kuwa shahidi juu ya babake. Bibi hunyamaza, akamshika mkono hadi shule ya mtaani, moja ya zile ziitwazo APBET, ambako karo hulipwa kidogo kidogo na maswali ni machache. Walimu wa huko siwalaumu. Lau si wao, wengi wa watoto wa Kibera wasingalijua kusoma. Walakini asiye na nambari ya usajili hufika mwaka wa mtihani wa taifa akakuta jina lake halimo.

Wako wasemao watoto hawa watengewe darasa na washauri wao, hata itikadi iwatoke. Hujja hii siikubali. Mtoto wa miaka 7 hana itikadi. Ana Kisomali au Kibajuni kuliko Kiingereza cha vitabu, na pengine umri umelipita darasa lake. Darasa la peke yake litampa jina, na mtaani jina halifutiki, hasa palipo na jirani ambaye bado analikumbuka shambulio la Westgate la 2013, na hofu ya jirani huyo si ya kubezwa. Ndipo naona habari za baba ziwe amana kwa afisa wa watoto peke yake, naye aandike barua ya mistari miwili, isiyomtaja baba, itakayotosha kumwingiza mtoto darasani muhula huu huu, ilhali cheti kinatafutwa kwa msajili kwa miezi kitakayochukua.