Mnyoo Uliopikwa Jikoni

Akron, Ohio, ni mji uliojengwa na magurudumu. B.F. Goodrich ilianza kazi huko mwanzoni mwa miaka ya 1870, Goodyear ikafuata 1898, Firestone ikaja 1900. Kwa miaka mingi magari ya Marekani yalitembea juu ya mpira uliopikwa Akron. Shida ni moja tu: Ohio haioti mpira. Utomvu ulitoka mbali, kwenye mashamba ya Asia yaliyokuwa mikononi mwa Waingereza na Waholanzi. Bei ikipanda kule, Akron inakohoa. Ndiyo maana mwaka 1926 Firestone ilivuka bahari hadi Liberia na kutia saini mkataba wa kukodi hadi ekari milioni moja kwa miaka 99.

Mwaka huohuo, ndani ya Goodrich, mkemia aitwaye Waldo Semon alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa: gundi ya kushikanisha mpira na chuma. Akajaribu polivinili kloraidi, hii tunayoiita PVC. Wanakemia wa Kijerumani walikuwa wameiona tangu karne ya 19, lakini ilikuwa ngumu na rahisi kuvunjika, haina kazi. Semon aliipasha moto pamoja na kiowevu kizito, na ilipopoa akajikuta na kitu kama jeli: ukikivuta kinanyooka, ukikiachilia kinarudi. Gundi hakuipata. Alichopata ni vinyili laini, babu wa makoti ya mvua, mapazia ya bafu, ngozi ya waya za umeme, na yale makava ya viti vya matatu yanayokushika mapaja wakati wa jua.

Sasa, katika mji huohuo, miaka ishirini na kitu baadaye, akatokea fundi mitambo aliyependa kuvua samaki. Jina lake Nick Creme. Yeye na mkewe Cosma waliweka sufuria jikoni kwao mwaka 1949 na kuanza kupika vinyili, mafuta na rangi. Walikuwa wanatafuta mnyoo.

Mnyoo bandia haukuwa wazo jipya. Watu walikuwa wametengeneza minyoo ya mpira tangu karne ya 19. Lakini mpira ule ulikuwa mgumu, unakaa majini kama kipande cha kamba ya kiatu. Samaki si mjinga. Anaweza kukimbilia kitu kwa sababu kimesogea, lakini akikiuma na kukuta kigumu, anakitema mara moja, na mvuvi hana hata nafasi ya kuvuta. Walichotaka akina Creme ni kitu kinachotikisika chenyewe majini, na kinachobonyea mdomoni kama nyama ili samaki akikawize kidogo. Huko kukawiza ndiko kila kitu. Ni tofauti kati ya kwenda nyumbani na samaki na kwenda nyumbani na hadithi.

Wakatengeneza kalibu kwa umbo la nyungunyungu halisi, wakamimina mchanganyiko wao, wakangoja upoe. Ukatoka mnyoo wenye pingili zake zote. Kufikia 1951 walikuwa wanauuza kwa posta, pakiti ya minyoo mitano kwa dola moja. Biashara ikakua, na baadaye katika miaka hiyo ya 1950 wakafungua kiwanda Tyler, Texas.

Kwa nini Texas? Kwa sababu ya mabwawa. Marekani ya kusini ilikuwa imeziba mito mingi kupata umeme na maji, na maji yakafunika misitu mizima. Miti iliyozama ikawa makazi ya besi mwenye mdomo mpana, samaki ambaye kwa miaka mingi wanasayansi walimwita Micropterus salmoides. Besi anapenda kujificha kwenye visiki na majani, anangoja, kisha anavamia. Ukitupa ndoana ya kawaida pale, unavua kuni. Wavuvi wa mashariki mwa Texas wakapata jibu: choma ndoana kwenye kichwa cha mnyoo, igeuze, kisha ficha ncha yake ndani ya mwili laini. Mbele weka risasi ndogo yenye umbo la risasi ya bunduki. Mnyoo unapita katikati ya matawi bila kunasa, na ncha inatokeza samaki anapouma. Mtindo huo hadi leo unabeba jina la Texas. Angalia kwamba haungewezekana kwa chuma wala mti. Ni ulaini wa ile plastiki ndio uliozaa ufundi.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Mwaka 1967 Ray Scott aliandaa shindano la kuvua besi katika bwawa la Beaver, Arkansas, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wavuvi wa besi. Uvuvi wa wikendi ukawa mchezo wenye zawadi, wenye mashabiki, wenye doo. Kule Alabama, Tom Mann akaanza kuuza minyoo yenye harufu na rangi za matunda. Ati samaki anapenda stroberi! Wengine wakaongeza mkia uliopinda kama mundu, wengine wakatia chumvi ndani ya plastiki. Minyoo ikazaa mijusi, vyura, samaki wadogo, na kamba wa maji baridi wenye magando. Kufikia hapo kile kilichoanza kwenye sufuria moja kilikuwa ukuta mzima wa duka, na ukitaka rangi ambayo kiwanda hakikuitengeneza mwaka huo, basi, pole.

Hapo ndipo watu wakarudi jikoni.

Malighafi inaitwa plastisoli. Ni chembechembe za PVC zinazoelea ndani ya mafuta ya kulainisha, na ukiiona utadhani ni maziwa mazito. Lazima uitikise kwanza, kwa sababu chembe hutuama chini. Ukiipasha moto, mwanzoni inakuwa nzito kama uji ulioanza kushika, na mtu asiyejua anadhani ameiharibu. Endelea. Ikikaribia nyuzi 175 za Selsiasi inalegea tena na kuwa angavu kama asali. Hapo unatia rangi, unatia vumbi la kumetameta, unamimina. Dakika chache baadaye unachomoa mnyoo na kuutia kwenye maji baridi ukae sawa.

Kalibu ya kwanza ya wengi ilikuwa plasta. Unachukua chambo unachokipenda, unakipaka mafuta ya kujipaka, unakilaza ndani ya kisanduku na kukimwagia plasta. Ikikauka unakichomoa, na umbo linabaki. Ni kalibu ya upande mmoja, kwa hiyo mnyoo wake una tumbo bapa, na kuna samaki wasiojali hilo hata kidogo. Wanaotaka umbo la mviringo kamili hutengeneza kalibu ya vipande viwili na kusukuma plastiki ndani kwa bomba kama la sindano. Baadaye zikaja kalibu za silikoni, kisha za alumini zilizochongwa kwa mashine inayoendeshwa na kompyuta, zenye pingili nyembamba kuliko uzi. Anayeishika kalibu ndiye anayeamua umbo, na kwa mara ya kwanza tangu jiko la akina Creme, anayeamua anaweza kuwa mtu yeyote mwenye meza na subira.

Ukitembea Kamukunji utauelewa moyo huu bila kufafanuliwa. Fundi wa jua kali hangoji kiwanda kimwambie sufuria iwe na mdomo wa aina gani. Lakini fundi huyohuyo atakwambia pia kwamba moto una deni lake. Kalibu ya plasta isiyokauka vizuri ina maji ndani yake. Plastiki ya nyuzi 175 ikikutana na maji, mvuke unalipuka na kukurushia kitu kinachonata kwenye ngozi kama gundi na kuendelea kuunguza. Ukizidisha moto, plastisoli inageuka njano, kisha kahawia, na inatoa haidrojeni kloraidi, gesi inayochoma macho na mapafu. Ndiyo maana wanaojua huipika mahali penye hewa, wakiwa na miwani na glavu, na kikombe kilichopikia minyoo hakirudi tena kwenye chai. Jiko la kuanzia linafaa kwa historia. Kwa mapafu yako, afadhali uende nje.

Halafu kuna yale mafuta ya kulainisha. Kwa miaka mingi mengi yalikuwa ya jamii ya thaleti, kemikali ambazo nchi kadhaa zimezibana, hasa kwenye vitu vya watoto kuchezea, kwa sababu zinaweza kuvuruga homoni. Watengenezaji wengi wa plastisoli wamehamia mafuta mengine. Lakini ukitaka kuona jinsi mafuta haya yasivyotulia, weka mnyoo laini kwenye kisanduku cha plastiki ngumu ya aina fulani na ukisahau. Utakuta mnyoo umekiyeyusha kisanduku. Kilicho ndani yake hakikai ndani yake.

Na ziwani je? Mnyoo laini hukatika. Samaki anaukwanyua mkia, tawi linachukua nusu, mvuvi mwingine anautupa uliochakaa majini kama ganda la ndizi. Utafiti uliochapishwa 2009 kuhusu trauti waliofugwa ulionyesha kwamba wengi walimeza vyambo hivi wenyewe bila kushawishiwa, vikabaki tumboni, na samaki wakapungua uzito. Majaribio mengine yameonyesha kwamba baadhi huvimba vikikaa majini, badala ya kuoza. Mwaka 2013 mswada wa kuvipiga marufuku ulifika bunge la jimbo la Maine. Wavuvi walikuja juu, na mwishowe ukageuzwa kuwa agizo la kuchunguza jambo hilo zaidi.

Unaweza kusema hayo ni mambo ya Wamarekani na mabwawa yao. Basi panda matatu uende Naivasha.

Besi yule wa Texas yumo mle. Aliletwa kutoka Marekani na kutiwa ziwani mwaka 1929, enzi za ukoloni, ili watu wenye muda na fimbo za kuvulia wapate burudani. Miaka minne kabla yake, 1925, walikuwa wametia tilapia. Mwaka 1970 wakaongezwa kamba wekundu wa Louisiana, wale wenye magando ambao besi huwapenda na ambao viwanda vya vyambo huwaiga kila mwaka kwa rangi mpya. Yaani samaki, chakula chake, na ule mnyoo wa plastiki ambao mvuvi wa michezo anamtupia, wote watatu ni wahamiaji kutoka nchi moja.

Kabla ya hao wote, ziwa lilikuwa na samaki wake mmoja wa asili, mdogo kuliko kidole, Aplocheilichthys antinorii. Mara ya mwisho kurekodiwa mle ni 1962. Besi analaumiwa zaidi. Kamba nao walipozidi walikula mimea ya majini, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mayungiyungi yaliyofunika kingo ilikuwa imekwisha. Siyo kwamba hakuna aliyefaidika. Kamba waliuzwa nje, besi na tilapia wakalisha nyumba nyingi za Naivasha. Lakini hakuna aliyemuuliza yule samaki mdogo, wala aliyewauliza waliokuwa wakiishi kando ya ziwa. Mtu alikuja na ndoo, akamimina, akaenda.

Hapa ndipo historia ya mnyoo huu inatuhusu sisi tuliozoea kusifu kila kilichotengenezwa nyumbani. Mwaka 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na tukajipigia makofi, na haki yetu. Marufuku ile haikuhusu mnyoo wa vinyili, na ni mdogo mno kuonekana kwenye picha za takataka. Kijana wa Nakuru au Nairobi akiagiza kalibu na chupa ya plastisoli leo, hakuna atakayemzuia, na sioni kwa nini azuiwe. Atajifunza kemia kuliko alivyofunzwa darasani. Atatengeneza rangi inayolingana na maji ya Naivasha yenyewe, siyo ya Texas. Hilo ni jambo kubwa: umbo kutoka kwa mkono wako, kwa ziwa unalolijua.

Tofauti ni kwamba yeye hawezi kujificha nyuma ya pakiti. Anajua ametia mafuta gani. Anajua amemimina minyoo mingapi Ijumaa usiku. Na ana kitu ambacho mnunuzi wa dukani hana: plastisoli iliyokwisha kupikwa inaweza kuyeyushwa tena. Mnyoo uliokatika mkia, uliotafunwa, uliopauka, unarudi kwenye kikombe pamoja na vipande vilivyopunguzwa kingoni, unapata moto, na unakuwa mnyoo mwingine. Wapikaji wa zamani huweka mkebe wa vipande kando ya jiko kwa ajili hiyo hasa.

Kwa hiyo hesabu yake ni rahisi kuliko ya kiwanda. Ilitoka kumi, imerudi saba. Ile mitatu iko ziwani, na ni ya kwake.