Ngome Iliyogeuka Jukwaa

Kila Februari wapenzi wa muziki huvuka bahari kwenda Mji Mkongwe wa Unguja kwa tamasha la Sauti za Busara. Jukwaa lake kuu halikujengwa kwa ajili ya muziki hata kidogo. Lilijengwa kwa ajili ya kuzuia maadui.

Jukwaa hilo limo ndani ya Ngome Kongwe, kazi ya Waomani walipokuwa wakiwatimua Wareno pwani hii. Ngome ya Yesu ya Mombasa iliangukia mikononi mwao mwaka 1698, na haukupita muda mrefu kuta za Unguja nazo zikaanza kuinuka. Mahali penyewe palikuwa na kanisa dogo la Wareno, lililojengwa kati ya 1598 na 1612, na mabaki yake yalimezwa na ukuta mpya. Mwaka 1754 kuta hizo zilihimili mashambulizi ya ukoo wa Mazrui wa Mombasa. Baada ya hapo vita vikapungua, na ngome ikakosa kazi.

Hapo ndipo historia yake inaponoga. Katika karne ya 19 ilikuwa gereza na kambi ya askari. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana na bohari ya reli ndogo ya Bububu, ambayo leo Wazanzibari wengi wanaijua kwa picha tu. Mwaka 1949 ikakarabatiwa kuwa klabu ya wanawake: nyuma ya kuta zilizotengenezewa mizinga, wanawake wa tawa wakapata mahali pa kukutana bila kutazamwa. Miaka ya 1990 uani pakajengwa ngazi za kukalia watazamaji, zikizunguka jukwaa la wazi. Tamasha la filamu la ZIFF lilianza kufanyika mjini humo 1998, Sauti za Busara likafuata 2004, na ngome ikapata kazi yake ya tano au ya sita, kutegemea unavyohesabu.

Wapo wanaolalamika kwamba ngazi hizo si za asili. Kweli, si za asili. Lakini hata klabu haikuwa ya asili, wala karakana. Jengo hili halijapata kuwa na umbo moja tu la kurudishiwa. Kwa msomaji wa Mbulu au Hanang, aliyezoea ngoma ya uwanjani, mpango wake hauna hata ugeni: watu huzunguka wanaocheza, na paa ni mbingu.

Ugumu uko kwenye kuta. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Fundi mwenye haraka akipiga plasta ya saruji, maji na chumvi ya bahari hunaswa ndani, na ukuta huoza taratibu huku ukionekana mpya kwa nje. Tangu Mji Mkongwe uingizwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, suala la chokaa limekuwa la wahifadhi pia, si la mafundi wazee peke yao.

Jirani wa Ngome Kongwe, jumba la Beit al-Ajaib, lilikuwa na bahati tofauti. Sultani Barghash alilijenga 1883 kwa ajili ya sherehe, na baadaye likawa makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka na watu wakapoteza maisha.

Kumbi zilizojengwa makusudi kwa sanaa nazo zina misukosuko yake. Ukumbi wa Taifa wa Kenya, Nairobi, ulifunguliwa 1952, enzi za walowezi. Mwaka 1976 tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu mpigania uhuru Dedan Kimathi ilipanda jukwaani humo baada ya mvutano mkali. Mwaka 1982 kundi lililokuwa likiandaa mchezo mwingine wa Ngũgĩ lilikuta milango imefungwa. Ukarabati wa 2015 ulitengeneza viti, taa na sauti. Huko Bagamoyo, Tanzania, ukumbi wa chuo cha sanaa uliungua 2002 na ukajengwa upya.

Ngome Kongwe haina mapazia wala dari ya kurudisha sauti, na mvua ikinyesha kila mtu analoa. Lakini mwimbaji wa taarab Bi Kidude aliimba humo akiwa bibi kizee, na vikundi vya taarab vyenye umri wa miongo kadhaa vimepiga sambamba na vijana wa muziki wa singeli. Udhaifu wake ni mwingine: inategemea matamasha, na matamasha yanategemea wafadhili. Mwaka 2016 Sauti za Busara halikufanyika kwa kukosa fedha. Anayetaka kuihifadhi ngome, basi, asiishie kuhesabu magunia ya chokaa. Aulize pia nani atalipa mafundi mitambo, wapiga vyombo na walinzi wa geti Februari ijayo.