Ushoni wa Mkono na Mafunzo ya Watoto wa Kike Unguja

Kabla ya serikali kufungua skuli za wasichana katika Unguja, na kabla ya cherehani kuenea katika baraza za mafundi, mtoto wa kike wa pwani alikuwa amekwisha kupata darasa lake la kwanza la ushoni nyumbani, mkekani, ubavuni mwa bibi au shangazi yake, akijifunza kwa nguo zile zile zilizoletwa na majahazi na merikebu. Mapatano ya biashara ya mwaka 1833 baina ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, na Marekani yaliwafungulia mlango wafanyabiashara wa Salem, ambao merikebu zao zilishusha majora ya merikani, nguo nzito isiyopaushwa; na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861 na nguo hiyo ikaadimika, bidhaa za Bombay zilichukua nafasi yake. Merikani ilimfaa sana mwanagenzi, kwa kuwa nyuzi zake ni nene, na mtoto aliweza kuzifuata kwa jicho asipotoke.

Kazi ya kwanza ilikuwa pindo. Ukingo wa nguo hukunjwa mara mbili, ukasuguliwa kwa ukucha wa kidole gumba hata mkunjo ukatulia, ukapigwa bandi ili usiteleze. Kisha sindano huingia kwa mshazari na kudokoa uzi mmoja au miwili tu ya upande wa nje, kusudi mshono usidhihiri kwa mtazamaji. Mtoto aliyevuta uzi kwa nguvu alipata pindo lenye makunyanzi, na aliyelegeza alipata pindo linalopwaya, na yote mawili hufumuliwa yakaanzwa upya. Baada ya pindo hufuata foronya ya mto: nguo hukabilishwa uso kwa uso, ikashonwa, ikapinduliwa, na mishono yote ikatoweka ndani. Naiona foronya kuwa kitu adhimu katika elimu ya mtoto, maana ni kazi yake ya kwanza ambayo mtu mzima ataiwekea kichwa chake usiku huo huo.

Hata kanga, kama inavyosimuliwa, ina nasaba na ushoni huo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Unguja walinunua leso zikiwa bado hazijakatwa katika jora, wakakata sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini zikawa vazi moja. Na wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima. Lakini doti iliyotoka dukani bado ilitaka kukatwa na kupindwa, na kazi hiyo aghalabu iliangukia mikono midogo ya nyumbani.

Mbweni, nje ya mji, mambo yalichukua sura nyingine. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) walinunua shamba huko mwaka 1871, wakalifanya maskani ya watu waliookolewa katika utumwa, na wasichana waliotolewa majahazini wakatiwa katika Skuli ya Mtakatifu Maria, iliyoongozwa na Caroline Thackeray tangu mwaka 1877 hata 1902. Wale walioonekana hodari wa vitabu waliandaliwa kuwa walimu. Wengine walielekezwa kwenye kazi za mikono, wakafundishwa kushona, kupika na kufua. Natambua hisani ya kuwapa riziki watoto waliokwisha kunyang'anywa wazazi, ila mgawanyo huo nauona kuwa dhuluma kwa sindano na kwa mtoto pia, kwani uliifanya sanaa inayotaka hesabu, kipimo na subira kuwa fungu la waliodhaniwa wazito wa akili. Mkekani kwa bibi hakukuwa na ubaguzi huo: mwenye akili nyepesi na mwenye akili nzito walipinda nguo moja, kila mmoja akianzia upande wake.

Serikali ilipofungua skuli ya wasichana mjini mwaka 1927, wazazi wengi walisita, wakihofu kwamba binti akijua khati ataandikiana barua na wanaume. Kilichowatuliza nyoyo ni kuona kwamba Kurani itasomeshwa, na pamoja nayo kazi za nyumbani, ushoni ukiwamo, ambazo kila mama alizifahamu na aliweza kuzipima kwa jicho lake mwenyewe. Baadhi ya wasichana walioingia kwa ruhusa iliyopatikana kwa njia hiyo walitoka wakiwa walimu, wakafundisha kusoma na kushona katika darasa moja.